Jipu la Mama Renata na Kopo la Mzee Athumani

Mmenikalisha kwenye kiti kipya, mkaninywesha soda tatu, mkanipa na saa ya ukutani, kana kwamba mtu aliyestaafu ana haja ya kujua saa. Ahsanteni. Kisha mkasema: Mzee Issa, tuandikie kazi yako ilivyokuwa. Nani alinipandisha cheo na lini, sitaandika, maana hamtajifunza kitu hapo. Nitaandika kuhusu jipu moja la dizeli na jambo la kipumbavu nililolifanya nikiwa fundi mzima mwenye mvi. Someni polepole, na mtu asinipigie simu kunirekebisha.

Siku yangu ya kwanza kwenye garaji hii ya Bwiza, Bujumbura, nilikuja na suruali iliyopigwa pasi. Nilidhani nitapewa spana. Mzee Athumani, mwenye garaji, aliniangalia kuanzia viatu mpaka kichwa, akanipa beseni la mazutu, yaani dizeli, na gunia la nati chafu. "Osha. Halafu panga kwa ukubwa." Niliosha nati wiki tatu. Wiki ya nne nikawa naingiza mkono guniani bila kutazama, nikitoa nati ya kumi na tatu au ya kumi na saba kwa kupapasa tu, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba sikuwa naosha tu, nilikuwa nafundishwa. Suruali ile sikuipiga pasi tena.

Mzee Athumani alikuwa mtu mfupi, mpole wa sauti, mwenye kofia nyeupe ambayo sijui aliifanyaje, haikuwahi kuingia grisi. Alisikiliza injini kwa bisibisi ndefu: ncha kwenye chuma, mpini kwenye mfupa wa sikio, macho amefumba. Alikuwa na desturi mbili ambazo hakuna mtu aliyezivunja akabaki garajini, ila mmoja. Ya kwanza: kitu chochote kinachotolewa kwenye gari, hata kimekufa, kinaingia kwenye kopo. Lilikuwa kopo kubwa la maziwa ya unga, na kila kilichoingia kilifungwa uzi na kipande cha karatasi chenye jina la gari. Ya pili: fundi aliyefunga gari ndiye anayekaa kiti cha mbele siku ya kwanza linapotoka. Siyo kulijaribu kuzunguka mtaa, la. Anakwenda na mwenye gari safari yake ya kwanza, popote iendapo.

Siku za amani desturi hiyo ilikuwa raha tupu. Mwenye gari anaishi Kibenga, unakwenda naye kando ya ziwa, upepo unaingia dirishani, mnarudi mmenunua ndagala, dagaa wa ziwa letu, wa kukaanga, wamefungwa kwenye gazeti. Tuligombania magari ya watu wa Kibenga, nakiri.

Halafu vita vikaja. Sitavieleza, mlikuwepo, wengine mlikuwa migongoni mwa mama zenu. Nitasema tu vilivyofika garajini. Kwanza wateja walipungua, kisha piyesi, yaani vipuri, zikapungua, na vikwazo vilipowekwa mipakani zikaisha kabisa. Mazutu ilikuja kwenye bidoni, madumu ya plastiki, na ndani ya bidoni mlikuwa na mazutu, maji, mafuta ya taa na nia mbaya. Tukajifunza kuiacha itulie mchana kutwa, kisha tunaichota ya juu tu kwa mpira, tunaipitisha kwenye kitambaa cha nepi. Mke wangu, Mama Zuhura, alinihesabia nepi kila Jumamosi. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa ameshaacha nepi zamani, lakini hilo halikumzuia kulalamika.

Ndipo alipokuja Mama Renata.

Alikuwa nesi, mwanamke mrefu wa maneno machache, aliyekuwa akipeleka dawa kwenye kituo cha afya huko juu milimani, kupita Bugarama. Dereva wake alikimbia nchi, basi akaendesha mwenyewe. Aliingia na jipu la zamani, la kijani, milango imefungwa kwa waya, moshi mweusi nyuma. Akazima injini, ikaendelea kukohoa peke yake kwa muda. Akashuka.

"Fundi ni nani hapa?"

Mzee Athumani alikuwa nyumbani na malaria wiki ile. Nikasema ni mimi.

"Sikiliza, fundi. Mi napanda na msafara. Unajua msafara?"

Nani hakujua? Barabara ya milimani haikupitika peke yako. Magari yalikusanyika asubuhi kutokea mjini, askari mbele, askari nyuma, yakapanda pamoja kwa mwendo mmoja. Gari likifa, msafara haungoji. Unaachwa hapo ulipo, wewe na Mungu wako.

"Basi," akasema, "mi nataka gari ambayo haikufi kwa njia. Rangi apana, redio apana. Isikufe tu."

Nililipenda lile jipu tangu siku ya kwanza, sitaficha. Nilifanya kazi siku sita. Nilitoa springi kwenye lori lililokufa Kinama, nikaongeza jani moja kila upande wa nyuma, libebe makasha bila kukaa chini. Nikainua bomba la kuvuta hewa mpaka usawa wa paa, lisinywe vumbi la malori ya mbele wala maji ya mito ya mvua. Nikaweka chujio la pili la mazutu, lenye kikombe cha kioo chini, ili maji yakijikusanya ayaone kwa macho na kuyatoa kwa kufungua skrubu moja. Nikaziba radieta kwa risasi ya kuyeyusha mahali patatu. Nikamfundisha kupampu mazutu kwa mkono hewa ikiingia. Kazi safi, hata leo nikiikumbuka nafurahi.

Na siku ya sita, kazi imekwisha, nikamwongezea zawadi. Nikatoa termostati.

Ninyi mnaijua, lakini wapo watakaosoma wasioijua. Ni kidude cha shaba kama yai, kinakaa mahali maji ya injini yanapotokea. Maji yakiwa baridi kinafunga njia ya radieta ili injini ipate joto. Yakipata moto kinafungua. Sasa, mafundi wote wa Bujumbura, toka Bwiza hadi Kinama, tulikuwa na imani moja: mji huu ni moto, injini inahitaji joto la nini? Toa! Tulizitoa kama mtu anavyotoa kokoto kiatuni. Gari linakwenda baridi, mteja anafurahi, mwisho.

Nikakata karatasi ya kuziba upya kutoka boksi la majani ya chai, nikatoboa matundu ya bolti kwa msumari, nikafunga. Na termostati? Kopo lilikuwa hatua tano tu. Lakini Mzee alikuwa na malaria, na kwa siri nilikuwa nimeshalichoka lile kopo na nyuzi zake. Nikaitupa kwenye rundo la shaba tulilomwekea mtengeneza majiko mmoja, mnunuzi wetu wa vyuma chakavu. Kesho yake akaja, akapima, akabeba.

Na siku ya kutoka sikukaa kiti cha mbele. Nilimwambia Mama Renata nina gari jingine la haraka. Uongo. Niliogopa, basi. Ndagala wa Kibenga ni kitu kimoja, na barabara ile ni kitu kingine.

Mchana wa siku ileile jipu likarudi. Lilikuja likitoa mvuke, Mama Renata uso umekuwa wa majivu, gauni limelowa kifuani. Mzee Athumani alikuwa amepona, amekaa kwenye kiti chake, amevaa koti kwenye jua kali. Mama Renata hakunisalimu. Alimwendea Mzee moja kwa moja.

"Mzee, iyi gari imechemka kwa kona ya tatu. Musafara wakanipita, mumoja mumoja, mpaka askari wa nyuma. Nikabaki pale peke yangu."

"Pole, mwanangu. Kaa."

"Sikai. Nikangoja ipoe. Maji sina. Niko na nini? Niko na serum, yale maji ya dripu, chupa kumi, za wagonjwa wenye kuharisha. Nikafungua moja, nikatia mu radieta. Mbili. Tatu. Ine! Serum ya wagonjwa, gari imekunywa! Nikageuza, nikashuka polepole, saa mbili nzima, hakuna mutu kwa barabara, hata mbuzi. Niliimba nyimbo zote za kanisa ninazojua, zikaisha, nikaanza upya." Akajifuta uso na kiganja. "Na kule juu wananingoja. Iko msafara kesho kutwa. Mi sijui nifanye je."

Mimi nilishaanza kusema. Nilisema huenda radieta imepata jiwe. Nilisema huenda mazutu ni mbaya. Nilisema, Mungu anisamehe, kwamba huenda alipanda kwa gia isiyofaa. Alinigeukia, akaniangalia tu, nami nikarudi nyuma hatua moja.

Mzee Athumani akainuka, akaweka kiganja juu ya mpira wa juu wa radieta, kisha wa chini. Wa chini ulikuwa baridi.

"Issa," akaniita. "Termostati iko wapi?"

Mtu anaweza kuishi miaka hamsini na bado ulimi wake ukawa wa mtoto aliyevunja chungu. Nikasema: "Hii gari haikuwa nayo, Mzee. Waliitoa zamani."

Akaomba spana, akafungua bolti mbili, akainua kifuniko. Akabandua kile kipande cha boksi la chai, bado kipya, matundu yake ya msumari yanaonekana. Garaji nzima ni mimi peke yangu niliyetoboa kwa msumari, wengine walitumia ganda la risasi. Akakiangalia upande huu, akakiangalia upande ule, akakikunja, akakiweka mfuko wa shati.

"Haya," akasema. "Waliitoa zamani."

Heri angenipiga.

Kisha akanieleza, kwa sauti ileile, Mama Renata anasikia. Injini nyingi, ukitoa termostati zinakuwa baridi tu. Lakini hii ina njia mbili za maji: moja ya kwenda radieta, moja fupi ya kurudi injini. Termostati yake ina visahani viwili. Cha juu kinapofungua radieta, cha chini kinaziba ile njia fupi. Ukiitoa, njia fupi inabaki wazi daima, maji ya moto yanazunguka yakirudi yalikotoka, radieta hayaioni. Mjini hutajua, mji ni tambarare. Mlimani ndipo utajua. "Aliyeiunda hakuwa mjinga," akamalizia. Nilikuwa nimefungua injini za aina ile labda ishirini, na sikuwahi kujiuliza kile kisahani cha chini kilikuwa cha kazi gani.

Piyesi mpya ilikuwa haipatikani, wala Uvira ng'ambo ya mpaka, wala popote. Mzee akasema: "Lete kopo."

Tulimwaga juu ya gunia. Zilitoka termostati tisa, kila moja na uzi wake, wenye magari mengine walishakufa. Tukaenda nyumbani kwangu pamoja na Mama Renata, maana ndiko karibu, Mzee akaomba jiko la makaa na sufuria. Tukazining'iniza majini kwa nyuzi zao, tukachutama wote watatu tukitazama. Mzee hakuwa na kipima joto. Alisema, vipovu vidogo vikianza kupanda pembeni, nzima inaanza kufunguka, na kabla maji hayajatokota iwe wazi kabisa. Ukiitoa, ijifunge yenyewe. Sita hazikutikisika kabisa. Moja ilifunguka ikakataa kufunga. Mbili zilikuwa nzima, na katika mbili hizo moja tu ilikuwa na visahani viwili. Ukingo wake ulizidi kidogo. Niliusugua kwa tupa, taratibu, mpaka ukaketi.

Mama Zuhura akaingia, akatukuta. "Ati munapika vyuma? Mu sufuria yangu ya wali?"

"Ni dawa," Mama Renata akamjibu, na ndiyo mara ya kwanza nikamwona anatabasamu.

Siku iliyofuata niliosha injini kwa maji safi mara tatu, maana serum ina chumvi, na chumvi haina urafiki na radieta. Nikafunga. Mzee Athumani akasimama mlangoni, mikono nyuma.

"Kesho utakaa mbele, Issa."

Jioni nikamwambia mke wangu. Akaacha kuchambua mchele.

"Kwa nini wewe?"

"Ndiyo desturi."

"Issa. Ni we uliitoa hiyo kitu?"

Nikamwambia ndiyo. Alikuwa mtu wa kwanza kuambiwa. Machozi yakamtoka, akayafuta na kanga kwa hasira. "Basi panda," akasema. "Mimi siwezi kukaa na mwanaume ambaye aliacha yule mama kwa kona."

Asubuhi tulipanga mstari, jipu la kijani katikati ya malori mawili ya bia. Niliogopa, na ninaandika hivyo hivyo. Mama Renata alishika usukani kwa mikono miwili, akasema sala fupi, mimi nikasema bismillahi, tukaondoka. Barabara ikaanza kuinuka. Sikutazama milima wala askari. Nilitazama sindano ya joto. Ikapanda taratibu, ikafika katikati, na moyo wangu ukapanda nayo. Pale katikati ikatikisika mara moja, ikashuka kidogo, ikatulia. Termostati ilikuwa imefunguka. Nilisema alhamdulillahi kwa sauti kubwa hadi Mama Renata akashtuka.

Kona ya kwanza. Kona ya pili. Tulipofika ya tatu, akanionyesha majanini kwa kidevu, bila kuachia usukani.

"Hesabu."

Chupa za serum, tupu, zinang'aa kwenye majani. "Tatu, Mama."

"Niliacha ine. Moja mutu amebeba, ya kutia mafuta. Nzuri, imepata kazi."

Tuliipita kona. Sindano haikusogea. Nilitazama nyuma nikaona pale mahali palivyo: ukuta wa udongo upande mmoja, korongo upande wa pili, hakuna nyumba, hakuna kitu. Alikaa hapo muda gani akingoja chuma kipoe?

"Mama, ni mi niliitoa. Haikutolewa zamani. Nikaitupa, halafu nikadanganya. Na siku ile nilipaswa kukaa hapa, nikaogopa."

Aliendesha mpaka nikadhani hakusikia.

"Najua," akasema. "Mzee alinionyesha kile kipande ya boksi ya chai. Akanambia, usimuulize kitu, mwache aseme mwenyewe. Basi mi nikakupa muda mpaka kwa kona." Akabadilisha gia. "Umechelewa, fundi. Lakini umesema."

Msidhani aliniachia hapo. Tulipofika kituoni aliniita mbele ya manesi wote na wagonjwa waliokaa kwenye mabenchi, akasema, "Huyu ndiye mwenye kunywa serum ine." Walicheka mpaka mmoja akashika mbavu. Nilikaa huko siku tatu kungoja msafara wa kushuka, na kila mtu aliniita Mwenye Serum. Niliwatengenezea pampu ya maji na kitanda kimoja. Niliporudi, Mzee Athumani alitoa mfukoni kile kipande cha boksi, kimekunjwa, akanipa. "Kifunge uzi," akasema, "utie mu kopo." Nikakifunga.

Mzee amekwishatangulia, Mungu amrehemu. Misafara imekwisha, barabara unapanda na ndugu zako mnacheka. Jipu bado lipo, milango sasa inafungwa kwa vitasa, na Mama Renata bado analiendesha yeye mwenyewe, hataki kusikia habari ya dereva. Nililifanyia kazi miaka yote hiyo na kila lilipotoka nilikaa mbele. Hiyo ndiyo kazi yangu, kama mnataka kujua ilikuwaje. Niliifurahia.

Wiki yangu ya mwisho lilikuja tena, linapata joto kidogo. Nilitoka kuswali adhuhuri nikamkuta mmoja wenu, sitamtaja, ameshaitoa termostati, ameishika mkononi, anaelekea kwenye rundo la shaba. Aliponiona akasema: "Mzee, joto hii ya Buja, ya nini iyi kitu?"

Sikupiga kelele. Nilimwomba alete kopo na sufuria, tukakaa tukatazama maji. Yake ilikuwa imekufa, tukapata nyingine. Alipomaliza kufunga nikamwambia Mama Renata anaondoka kesho asubuhi, na kiti cha mbele ni chake. Akaniuliza abebe nini.

Nikamwambia abebe maji, mengi. Na nikamwambia amweleze yule mama alichotaka kukitupa, tena aseme kabla ya kona ya tatu. Mimi nilisema tukiwa tumeshaipita, na mpaka leo, jipu likipita pale, Mama Renata ananionyesha yale majani kwa kidevu.